Njia Ndefu ya Stering Hadi Sori

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa omena hawana kazi kubwa usiku. Samaki huyo mdogo hufuata mwanga wa taa inayoelea juu ya maji, na mbalamwezi ikishatanda ziwa zima, taa ya mvuvi haina cha kumvutia. Ndipo vijana wa Sori, mji wa Ghuba ya Karungu katika kaunti ya Migori, hupata nafasi ya mambo mengine: kushona nyavu, kandanda, na muvi. Muvi zinazopendwa ni zile zenye mtu mmoja mgumu anayeingia peke yake katika maficho ya wahalifu, akapigwa, akaanguka, kisha akainuka na kuwamaliza wote. Kenya nzima mtu huyo huitwa stering, na hata mtoto anayejifunza kutembea anajua kwamba stering hafi.

Stering anayefika Sori huwa amezaliwa Hollywood, Hong Kong au Mumbai. Lakini akifika anazungumza Kiswahili, na Kiswahili chenyewe ni cha mtaani, chenye utani wa matatu na soko. Wakati huohuo Afrika Mashariki imekuwa na mastering wake yenyewe tangu kabla ya uhuru: Bwana Msa, Inspekta Wingo, Willy Gamba, Joram Kiango, Jack Zollo. Hao waliandikwa hapa, wakatembea mitaa tunayoijua na kupigana na maadui tunaowajua. Wakabaki vitabuni. Wa kwetu walipata kurasa wakakosa skrini, wa ng'ambo wakapata skrini na mwishowe wakapewa lugha yetu pia. Ilitokeaje?

Habari yenyewe inaanzia Unguja. Mwaka 1957 na 1958, East African Literature Bureau iliendesha shindano la kuandika hadithi kwa Kiswahili, na mshindi akawa Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari aliyehariri gazeti la Mkulima. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitoka kama kitabu mwaka 1960. Ndani yake alikuwamo Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, anayekusanya vijambo vidogovidogo ambavyo wengine wamevipuuza mpaka fumbo likafumbuka. Jamaa yake wa karibu ni Sherlock Holmes wa London. Bwana Msa hakuwa mtu wa ngumi. Silaha yake ilikuwa akili, na uwanja wake ulikuwa mashamba, makaburi na nyumba za matajiri wa Unguja, mahali ambapo aibu ya ukoo inaweza kuua kuliko bastola. Vitabu vilivyofuata, kama Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu, vilimfanya awe mpelelezi anayeheshimiwa kuliko wote katika fasihi ya Kiswahili.

Ugumu uliingia na jiji. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alichapisha Simu ya Kifo, na mpelelezi wake, Inspekta Wingo, alikuwa askari wa nchi huru anayekimbizana na muuaji Dar es Salaam. Kitabu kilikuwa chembamba, chenye mwendo wa haraka, na kilisomwa mno. Kijana aliyekuwa amechoshwa na hadithi za mafunzo sasa alikuwa na kitabu kinachomkesheza. Waandishi wengi chipukizi waliona njia, wakaifuata.

Wakati huo nchini Marekani mtu mgumu wa riwaya za uhalifu alikuwa keshazeeka. Alizaliwa katika majarida ya bei rahisi ya miaka ya 1920, hasa Black Mask, na mmoja wa waliomlea alikuwa Dashiell Hammett, ambaye mwenyewe aliwahi kufanya kazi ya upelelezi katika kampuni ya Pinkerton. Riwaya yake The Maltese Falcon ilitoka mwaka 1930. Mwaka 1931 ikawa filamu. Mwaka 1936 ikarudiwa kwa jina jingine. Mwaka 1941 ikapigwa mara ya tatu, na safari hii Humphrey Bogart akawa Sam Spade. Tangu hapo, anayefungua kitabu cha Hammett huona uso wa Bogart. Ndivyo ilivyokuwa kwa James Bond pia: Ian Fleming alimwanzisha mwaka 1953, lakini dunia ilimjua kwa sura mwaka 1962, Sean Connery alipoingia katika Dr. No. Sinema humpa shujaa uso mmoja ambao watu wote wanakubaliana ndio wake, na bila uso huo kila msomaji hubaki na wake wa kichwani.

Willy Gamba hakupata uso. Aliyemuumba ni Elvis Musiba, Mtanzania ambaye baadaye alijulikana pia kama kiongozi wa chama cha wafanyabiashara, TCCIA. Kufa na Kupona, kitabu kilichomtambulisha Gamba, kilichapishwa Nairobi mwaka 1974, na mwaka huo una maana yake. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walikuwa na ofisi pale, na maadui zao walikuwa na macho pale. Musiba aliona kwamba jasusi wa Kiafrika hana haja ya kubuniwa vita, kwa kuwa vita ipo. Katika riwaya hiyo nyaraka za siri za ukombozi zinaibwa, na Gamba anapanda ndege kwenda Nairobi kuzitafuta. Katika Kikosi cha Kisasi anatumwa Kinshasa, ambako wapigania uhuru wanauawa mmoja baada ya mwingine.

Hapo ndipo Gamba anapotofautiana kabisa na Sam Spade. Spade anafanya kazi kwa malipo, na haamini mtu wala serikali. Gamba ana bastola, ana hoteli nzuri, ana wanawake wanaompenda haraka kuliko inavyoaminika, lakini nyuma yake lipo bara zima. Akishindwa, kuna watu watakufa porini Msumbiji. Wahakiki wa vyuo vikuu waliwahi kuviita vitabu hivi fasihi pendwa kwa sauti ya kuvidunisha, na wakavipita. Walikosea. Kijana wa mwaka 1974 aliyesoma Kufa na Kupona alijifunza kwa usiku mmoja mambo ambayo hotuba nyingi hazikumfundisha: kwamba kupata uhuru ni jambo moja na kuulinda ni jambo jingine, na kwamba adui anaweza kuvaa suti nzuri na kukaa meza ya pili kwenye mgahawa.

Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, akaja na Joram Kiango. Kiango hana mkuu wa kazi anayempigia simu kama Gamba. Ni mtu huru, mjuaji, anayeingia katika kesi kwa sababu imemkera au imemvutia, akiwa na Nuru, msichana ambaye mara kwa mara humshinda kwa akili. Vitabu kama Salamu Kutoka Kuzimu na Malaika wa Shetani viliuzwa sana, na Mtobwa mwenyewe, kupitia kampuni yake ya Heko, alikuwa mwandishi na mchapishaji kwa pamoja. Alifariki mwaka 2008 akiwa na umri wa miaka 50 tu.

Kenya ilichukua njia nyingine, na kwa lugha nyingine. Mabanda ya vitabu vikuukuu ya Nairobi na Kisumu yalijaa James Hadley Chase, Mwingereza aliyeandika juu ya majambazi wa Marekani akitumia ramani na kamusi za misimu. Vitabu vyake vilikuwa vyepesi kubeba na vilisomwa na watu ambao hawakugusa riwaya nyingine. Wachapishaji wa Nairobi waliona soko. Mfululizo wa Spear Books ukaanza miaka ya 1970 kwa ajili ya msomaji huyohuyo. David Maillu akamtoa jasusi wake Benni Kamba, namba 009, katika The Equatorial Assignment mwaka 1980. Lakini kitabu kilichotikisa nchi kiliandikwa gerezani.

John Kiriamiti alikamatwa mwaka 1971 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa ujambazi. Akiwa ndani aliandika maisha yake kwa jina la shujaa Jack Zollo: mtoto wa Murang'a aliyeacha shule, akaingia Nairobi, akaanza kwa kuchomoa vitu mifukoni mwa watu na kufikia kuvamia benki. My Life in Crime ilichapishwa mwaka 1984, mwandishi akiwa gereza la Naivasha, na mwaka huohuo akaachiliwa. Wanafunzi wa sekondari waliisoma chini ya dawati mpaka kurasa zikang'oka, na shule nyingine ziliipiga marufuku, jambo lililoongeza tu hamu. Huyu alikuwa stering wa aina mpya kabisa: alisimama upande wa pili wa sheria, na risasi zilizomkosa zilikuwa za kweli. Miaka mitano baadaye Kiriamiti akaandika mambo yaleyale kwa sauti ya mpenzi wa Zollo katika My Life with a Criminal: Milly's Story, na wako wasomaji wanaokiona hicho ndicho kitabu bora zaidi, kwa kuwa ndani yake mtu mgumu anatazamwa na anayemsubiri nyumbani.

Mazungumzo ya kuligeuza simulizi hilo kuwa filamu yamezuka mara kwa mara. Kwa mwandishi Meja Mwangi mambo yalikwenda kinyumenyume. The Bushtrackers, kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu askari wa wanyamapori wanaopambana na majangili na wafanyabiashara wa pembe, kilitokana na muswada wa filamu ulioandikwa na Gary Strieker. Riwaya yake nyingine, Carcase for Hounds, ya vita vya Mau Mau, ilipata sinema kweli, lakini aliyeipiga alikuwa Ola Balogun wa Nigeria, kwa jina la Cry Freedom, mwaka 1981. Shujaa wake, jenerali wa msitu wa Kenya, akahamia Afrika Magharibi ili aonekane.

Hakika kamera zilikuja Afrika Mashariki mapema sana, ila zilikuja na stering wake mkobani. Mwaka 1951 Bogart mwenyewe, yule Sam Spade, alitua Kongo na Uganda kupiga The African Queen chini ya John Huston. Filamu hiyo ilitokana na riwaya ya C. S. Forester, iliyochochewa na vita vya meli katika Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na ilimpa Bogart tuzo yake ya Oscar. Watu wa Karungu wangeweza kuongeza sura yao katika hadithi hiyo. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Karungu kutoka upande wa pili wa mpaka, na meli ya Waingereza iitwayo Winifred ilipokaribia, ilifukuzwa kwa mizinga ya meli ndogo ya Kijerumani, Muansa. Vita vya majini vilipiganwa mbele ya macho ya wavuvi wa Kijaluo na Kisuba. Katika sinema ya Bogart, watu wa maziwa haya ni umati tu wa nyuma.

Kabla ya televisheni kufika mbali na miji mikubwa, stering Mwafrika alipata uso kwa njia ambayo leo wengi wameisahau: karatasi. Mwaka 1968 kampuni ya Drum, iliyomilikiwa na Jim Bailey wa Afrika Kusini, ilianza kutoa jarida la African Film. Ndani hamkuwa na filamu. Mlikuwa na picha za kupigwa kwa kamera, zimepangwa ukurasa baada ya ukurasa, maneno yakiwa katika viputo kama vya katuni. Shujaa wake alikuwa Lance Spearman, maarufu kama Spear. Alivaa kofia ya panama na suti iliyonyooka, akavuta sigara nene, akanywa wiski, akaendesha gari aina ya Corvette Stingray. Pembeni yake walikuwa Sonia, kijana mdogo Lemmy, na Kapteni Victor wa polisi. Aliyeigiza alikuwa Jore Mkwanazi, mtu wa kawaida kabisa aliyeokotwa na wapigapicha wa Drum, ambaye sura yake ilitambuliwa kuanzia Lagos hadi Nairobi.

Si rahisi kueleza leo jinsi jarida lile lilivyopendwa. Nakala moja ilipita mikono kumi, ishirini. Kijana asiyejua Kiingereza vizuri alifuata picha, na anayejua akamsomea. Kwa mara ya kwanza mtu mweusi ndiye aliyeshika bastola, ndiye aliyetoa amri, ndiye aliyeshinda, na mazingira yalikuwa maghorofa na barabara za lami, si vichaka. Mmoja wa maadui wake wakubwa aliitwa Rabon Zollo. Msomaji wa Kiriamiti akilisikia jina hilo hawezi kuacha kusimama kidogo, kwa sababu Kiriamiti alikuwa kijana wa miaka 18 Spear alipoanza kutoka.

Na hapa uzi unaunganika tena na Dar es Salaam. Katalambulla, yule wa Simu ya Kifo, aliona nguvu ya Spear, akatoa jarida lake la picha, Film Tanzania, kwa Kiswahili. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi alikuwa ameelewa kwamba wasomaji wake wanataka kuona. Hakuwa na studio, wala fedha za kununua filamu na kukodi maabara, kwa hiyo alitumia kilichopatikana: kamera ya picha, marafiki wanaoweza kuigiza, na mashine ya kuchapa. Nadhani hiyo ndiyo hatua ya ujasiri kuliko zote katika simulizi hili. Majarida ya namna hiyo hayakudumu. Spear alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini kwa miaka michache Afrika Mashariki ilikuwa na sinema yake ya karatasi, na ilikuwa ya uhalifu.

Kisha ikaja kanda ya video. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mashine moja, televisheni moja na jenereta vilitosha kufungua ukumbi popote, hata mahali pasipo nguzo ya umeme. Ukumbi ulikuwa mabati na mabenchi. Shida ilikuwa lugha. Bruce Lee hakuhitaji maelezo mengi, ila Rambo na Schwarzenegger walikuwa na maneno, na watazamaji walitaka kujua kwa nini mtu anapigwa. Kampala ndiko ufundi mpya ulikoshika moto: mtafsiri anayeketi na maikrofoni, sauti ya filamu ikishushwa, yeye akieleza, akiigiza sauti zote, akiongeza chumvi. Waganda wakamwita VJ, na majina kama VJ Jingo yakawa makubwa kuliko ya waigizaji. Tanzania ikampata Lufufu, aliyewahi kuwa mwanajeshi, ambaye Kiswahili chake kizito kiliwafanya makomando wa Kimarekani wasikike kama makuruti wa kambini. Kenya ikampata DJ Afro.

DJ Afro hatafsiri neno kwa neno. Anachukua muvi nzima na kuihamisha. Adui anapata jina la mtaani, jengo la Los Angeles linafananishwa na jengo la Nairobi, na stering akiwa anaumia, sauti inaharakisha kama mtangazaji wa mpira dakika ya tisini. Anajua mtazamaji wake ni nani: mtu wa kazi ya mikono, aliyelipa pesa kidogo, anayetaka kucheka na kuogopa kwa wakati mmoja. Diski zake zilisambaa hadi fuo za Ziwa Victoria. Katika mji kama Sori, ambako nyumbani watu huzungumza Kijaluo, na bandarini kuna wageni kutoka Tanzania, Kiswahili hicho cha muvi kinaeleweka na wote waliomo ukumbini. Mtu anaweza kusema kwamba kazi hiyo ilisimama juu ya nakala zisizo na leseni, na atakuwa amesema kweli. Lakini watafsiri hawa walifanya kile ambacho wachapishaji na serikali hawakukifanya: waliwaletea watu wa kawaida hadithi ya mtu mgumu kwa lugha yao, kwenye skrini.

Watengenezaji filamu wa Kenya waliotokea baadaye walikulia katika kumbi hizo, na kazi zao zinaonyesha. Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, iliyotoka mwaka 2012, inaanza na Mwas, kijana wa mashambani anayeuza diski kwa kuigiza mbele ya wateja vipande vya muvi za mapigano. Anaingia Nairobi akitaka kuwa mwigizaji, anaporwa siku ya kwanza, anaishia katika genge la Oti, aliyeigizwa na marehemu Olwenya Maina. Ni safari ya Jack Zollo karibu nusu karne baadaye. Joseph Wairimu alishinda tuzo ya mwigizaji bora huko Durban kwa nafasi ya Mwas, na filamu ikawa ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar ya lugha za kigeni. Katika Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, mtafsiri wa ukumbi wa video ni mhusika kamili, na kijiji kizima kinashirikiana kumpigia filamu msichana mgonjwa anayetaka kuwa shujaa.

Uganda ilikwenda mbali zaidi kwa ujasiri. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alipiga Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa gharama isiyofikia dola 200, bunduki zikiwa za vyuma chakavu. VJ Emmie yumo ndani ya filamu yenyewe, sauti yake ikipanda juu ya mapigano, ili mtazamaji aipate kama anavyoipata ukumbini. Dunia iliicheka kwanza, kisha ikaja Wakaliga kujifunza.

Vitabu navyo vimeanza kuonekana. Mwaka 2021 Amil Shivji alionyesha Vuta N'Kuvute katika tamasha la Toronto, filamu iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi kuhusu Zanzibar ya miaka ya 1950. Si riwaya ya upelelezi, ingawa ina polisi wa kikoloni, ina mtu anayewindwa, ina gereza. Denge, mwanaharakati anayetoroka na kukamatwa, ana ugumu wote wa stering bila bastola. Filamu ilizungumza Kiswahili cha Unguja, na Tanzania ikaiteua kuiwakilisha katika Oscar.

Baada ya hapo, sababu ya kumwacha Willy Gamba vitabuni imepungua. Kufa na Kupona inahitaji miji miwili, hoteli moja, magari ya zamani na watu wanaojua kupigana mbele ya kamera. Vyote hivyo vipo Dar es Salaam na Nairobi. Kazi ngumu itakuwa kumchagua mwigizaji, maana wasomaji wa tangu 1974 kila mmoja ana Gamba wake kichwani, na watabishana kuhusu sura, urefu, mwendo na namna ya kushika sigara, kama mashabiki wa Bond wanavyobishana hadi leo.